Juma Moja Leipzig, na Ugomvi Uliosikika

Nilistaafu ualimu wa hisabati mwaka uleule ambao mke wangu alistaafu uuguzi, na baada ya miezi michache ya kukaa nyumbani tukitazamana, tulituma maombi ya kutumikia misheni tukiwa wanandoa wazee. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho utumishi wa namna hii ni wa kujigharamia, na wanandoa huchagua muda wanaoumudu, kuanzia miezi 6 hadi 23. Sisi tulichagua 18. Wito ulipofika ulitutuma Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, kuwahudumia vijana wakubwa waseja, yaani wale waliovuka miaka 18 na ambao hawajaoa wala kuolewa. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua kituo chao kila alasiri, kufundisha somo moja la dini kila juma, kupika, kusafisha, na kufunga milango usiku.

Nataka kusimulia juma moja tu, lililoanza Jumatatu ya mwisho ya Januari, kwa sababu katika juma hilo niligundua kwamba vijana wale hawakuwa wakijifunza kwetu yale niliyodhani ninawafundisha. Januari katika nchi ile ni mwezi wa giza. Jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na isitoshe ni majira ya kuelekea mitihani ya mwisho wa muhula, kwa hiyo vijana huingia wakiwa wamejikunja ndani ya makoti, macho mekundu, wakitafuta mahali penye joto pa kuwekea kompyuta zao kuliko mahubiri.

Jumatatu jioni katika kanisa letu ni ya familia. Viongozi wa kanisa walianza kuhimiza desturi hiyo mwaka 1915, na mwaka 1970 Jumatatu ilitengwa kwa ajili hiyo kila mahali. Vijana wasio na familia karibu nao huifanya pamoja, na sisi ndio tuliokuwa wazazi wa jioni hiyo. Leipzig nayo ina Jumatatu yake. Katika kanisa la Nikolaikirche, maombi ya amani yamefanyika kila Jumatatu tangu mwaka 1982, na kutoka katika maombi hayo ndipo yalipozaliwa maandamano ya tarehe 9 Oktoba 1989 dhidi ya serikali ya kikomunisti iliyotawala upande ule wa Ujerumani, watu zaidi ya 70,000 walipotembea mjini usiku, na askari waliokuwa tayari hawakufyatua risasi. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote kwa bidii, na siku ile niliwakusanya vijana sita tukaenda kwenye maombi ya saa kumi na moja, kisha tukasimama nje kwenye baridi nikawaeleza historia ya mji wao kwa muda usiopungua robo saa.

Nilipomaliza, binti mmoja Mjerumani, mzaliwa wa palepale, akasema kwa upole kwamba bibi yake alikuwamo katika maandamano yale. Babu alibaki nyumbani na watoto, kwa sababu walikuwa wamekubaliana kwamba mmoja wao akikamatwa, mwingine awepo wa kuwalea. Walipigiana kura mezani nani aende, bibi akashinda. Alisema haya kwa sentensi tatu, kisha akavuta skafu yake akanyamaza. Mke wangu akamwuliza, "Babu alilala usiku ule?" Binti akacheka, akasema hapana, babu alikaa dirishani mpaka mkewe aliporudi, na hadi leo hukumbusha kwamba alimkuta ameshika mshumaa uliokwisha kuzimika. Njia nzima ya kurudi walikuwa wakizungumza wao wawili, mimi nikitembea nyuma na historia yangu.

Jumanne alikuja kijana mmoja wa uhandisi, mgeni kama sisi, aliyekuwa akikaa kwenye kiti kilekile karibu na kipasha joto tangu Oktoba. Aliponiona akafungua daftari na kuniuliza swali moja la hesabu. Swali lilikuwa dogo. Nilimjibu, kisha nikaendelea na mambo ambayo hakuuliza: namna ya kupanga ratiba ya masomo, namna ya kulala mapema, namna ya kujibu kwanza maswali mepesi. Nimefundisha miaka 34 na maneno hayo hutoka yenyewe. Alisema, "Asante, Mzee," akafunga daftari. Nilikwenda kupanga viti nikiwa nimeridhika.

Usiku ule yeye na mke wangu waliosha vyombo pamoja. Sikusikia walichozungumza, na kwa kweli sikuona kama wanazungumza. Niliona tu mgongo wa mmoja na mgongo wa mwingine, maji yakitiririka, na kimya kirefu. Siku mbili baadaye, kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, mke wangu aliniambia. Katika vyuo vingi vya Ujerumani mtihani ukishindwa unaweza kurudiwa mara mbili tu, na ukianguka mara ya tatu unatolewa kabisa katika fani hiyo. Kijana yule alikuwa amekwisha kuanguka mara mbili katika somo moja, na ya tatu ilikuwa inakuja baada ya juma moja. Kwa mgeni mzigo ni mzito zaidi, kwa sababu kibali cha kuishi kimefungwa kwenye masomo. Ili aruhusiwe kuja, ukoo wake ulichangishana fedha za kuweka katika akaunti maalumu ambayo serikali huidai kama uthibitisho kwamba mwanafunzi ataweza kujikimu. Kiwango cha wakati huo kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka. Hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani kwao.

"Ulimjibu nini?" nilimwuliza mke wangu.

"Nilimpa sahani nyingine akaushe," alisema.

Jumatano ndiyo siku ya somo langu. Makanisa yetu huwa na masomo ya dini kwa wanafunzi wa vyuo tangu mwaka 1926, yalipoanzia katika mji wa Moscow, jimbo la Idaho, Marekani, na mimi niliichukua kazi hiyo kwa uzito wote. Mada ya juma lile ilikuwa ndoa, nami nilikuwa nimeandaa kurasa 12. Walikuja vijana wanne, kwa sababu ya mitihani. Katikati ya ukurasa wa tano, mmoja akainua mkono na kuuliza, "Mzee, ninyi wawili hugombana?" Nikajibu bila kusita kwamba hatugombani, bali huzungumza. Mke wangu, aliyekuwa akikata keki nyuma ya chumba, alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Vijana walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, na hakuna aliyeandika chochote.

Alhamisi, ukiondoa habari hiyo ya kijana, haikuwa na jambo ila jirani aliyetufundisha kwa mara ya tatu kwamba karatasi huenda kwenye pipa la buluu na maganda ya mboga kwenye la kahawia. Ijumaa ndipo mbegu ya ugomvi ilipopandwa.

Ni lazima nieleze kwanza kwamba Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya kwanza ya mwezi, ambayo kwetu ni Jumapili ya mfungo. Waumini hukaa bila chakula wala maji kwa milo miwili, na thamani ya chakula hicho hutolewa kwa ajili ya wenye shida. Jioni vijana wote walikuwa wakija kituoni kufungua mfungo pamoja nasi, na kwa kawaida walifika 18 hadi 20. Jambo la pili ambalo mgeni hujifunza mapema Ujerumani ni kwamba Jumapili karibu maduka yote hufungwa. Kama hukununua hadi Jumamosi usiku, hununui. Jambo la tatu ni kwamba Jumamosi tulikuwa tunawapeleka vijana hekaluni Freiberg (hekalu kwetu ni jengo la ibada maalumu, tofauti na kanisa la kila Jumapili), safari ya treni ya takriban saa mbili kwa kubadilisha treni mjini Chemnitz. Mke wangu aliyaweka mambo hayo matatu pamoja asubuhi ya Ijumaa na akasema twende dukani leo. Mimi nilikuwa narekebisha kurasa zangu za juma lijalo. Nilimwambia hakuna haraka, tutarudi kutoka Freiberg saa kumi na mbili jioni, tutanunua kila kitu tukiwa njiani. Mchana akasema tena. Nikajibu vilevile.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Hekalu la Freiberg si kubwa, lakini lina historia isiyo ya kawaida: liliwekwa wakfu mwaka 1985, wakati sehemu ile ya Ujerumani ilikuwa bado chini ya serikali ya kikomunisti, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyoruhusu lijengwe, kwa sababu waumini walikuwa wakiomba mara kwa mara viza za kwenda hekaluni Uswisi na ikaonekana ni nafuu wajenge lao palepale. Hadi mwaka 1989 wamisionari wa kigeni hawakuruhusiwa kuingia na kuhubiri. Safari hii nilijizuia nisiyaeleze hayo kwa sauti, maana yule binti wa Jumatatu alikuwapo na nilishajua kwamba ana bibi.

Kulikuwa pia na binti mwingine, mweusi kama sisi, ambaye alikuwa amehamia Leipzig juma lile kwa ajili ya masomo. Alijitambulisha kwa Kijerumani cha mtu aliyekulia pale, nami nikamjibu kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, na tukaishia hapo. Alikaa na wasichana wenzake upande mwingine wa behewa.

Wakati wa kurudi treni ya kwanza ilichelewa, na kwa sababu hiyo tukaikosa ya pili, na iliyofuata ikasimama porini kwa muda ambao hakuna aliyetueleza sababu yake. Tulishuka Leipzig saa nne na dakika ishirini usiku. Maduka yalikuwa yamefungwa saa nne.

Tulipanda tramu pamoja na vijana waliokuwa wakielekea upande wetu. Mke wangu alikaa akitazama dirishani, na nilipojaribu kusema jambo kuhusu hali ya hewa, akageuka. Tulizungumza kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, kama tulivyozoea kila tulipotaka faragha katikati ya watu, kwa kuwa lugha ile ilikuwa ukuta wetu pale ugenini.

"Nilikwambia Ijumaa, Mwalimu. Nilikwambia mara mbili."

"Mama, treni sikuichelewesha mimi."

"Treni hukuichelewesha wewe. Ila uamuzi ulikuwa wako. Tangu tumefika hapa uamuzi ni wako na kazi ni yangu. Unafundisha ndoa kurasa 12, na mimi nawaza watu 20 watakula nini kesho."

Nilijibu jambo ambalo sitaliandika. Halikuwa tusi, lakini lilikuwa la kumkumbusha kosa lake la miaka mingi iliyopita, na mtu aliyeoana na mwenzake kwa muda mrefu anajua kwamba kufukua ya kale ni njia ya mtu aliyeishiwa hoja. Akanyamaza. Vituo vitatu vilipita. Kwenye cha nne yule binti mgeni alisimama kushuka, akapita karibu nasi, akainama kidogo kwa adabu na kusema, kwa Kiswahili, "Mulale muzuri, Baba. Mulale muzuri, Mama." Mlango ukafunguka, akatoweka kwenye theluji.

Sijawahi kuona mke wangu akicheka na kulia kwa wakati mmoja kama alivyofanya kutoka pale hadi nyumbani. Mimi sikucheka. Lahaja ile niliitambua mara moja. Ni ya mashariki mwa Kongo, wanakotamka *mu* pale ambapo sisi tunatamka *m* peke yake. Alikuwa amesikia kila neno, pamoja na lile ambalo sikuliandika.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, tulifungua kabati za jiko la kituo. Kulikuwa na kilo mbili za mchele, dengu, vitunguu, nusu kabichi, na chupa ya siki. Mke wangu alivipanga mezani bila kusema neno. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi tangu alfajiri, lakini kila nilipoanza yaligeuka kuwa maelezo: ratiba, treni, uwezekano wa hili na lile. Alinisikiliza mara mbili. Mara ya tatu akaniambia nimenye vitunguu.

Saa tisa alasiri, saa mbili kabla ya wenzake, binti wa Kongo akabisha hodi. Alivua viatu mlangoni, akasalimia, akaosha mikono, akachukua kisu. Kisha akamgeukia mke wangu na kuuliza waziwazi, kama mtu anayeulizia afya ya mgonjwa, "Mama, mungali mumekasirika?"

Mke wangu akamwambia, "Mwulize yeye."

Nilitegemea binti ataona haya na kubadilisha mazungumzo. Badala yake akaweka kisu chini na kutueleza kwa nini anauliza. Walihamia Ujerumani kutoka Bukavu akiwa na miaka sita. Kiswahili alibaki nacho kwa sababu ya bibi yake, ambaye huzungumza naye kwa simu kila Jumapili. Wazazi wake hawakuwahi kugombana mbele ya watoto hata siku moja. Nyumba ilikuwa kimya, kila mtu akifanya lake, na watoto waliamini kwamba huo ndio upendo, mpaka siku moja baba yao alipofunga masanduku na kuondoka, naye wakati huo alikuwa na miaka 15. Akasema kwamba jana usiku ndiyo mara yake ya kwanza kusikia mume na mke wakigombana hivyo, na kwamba hakulala vizuri. Alikuja mapema kwa sababu alitaka kuona mwisho wake. Sasa alikuwa na mchumba huko alikotoka, na alikuwa hajampa jibu.

Nimesimama mbele ya madarasa yenye wanafunzi 60. Sijawahi kuhisi kutazamwa kama nilivyohisi jikoni pale, nimeshika kitunguu. Kurasa 12 zilikuwa chumba cha pili na hazikuwa na mstari mmoja wa kunisaidia. Nikamgeukia mke wangu na kumwambia, kwa lugha ambayo haikuwa tena ukuta, kwamba alikuwa ameniambia mara mbili na sikumsikiliza kwa sababu niliona kazi yangu ni kubwa kuliko yake. Na kwamba nilichosema kwenye tramu kilikuwa cha uonevu na kosa lile alikwisha kulilipia zamani. Sikutaja treni. Ilikuwa vigumu sana kutotaja treni.

Mke wangu hakusema amenisamehe. Alinitazama kwa muda, akasema, "Dengu zinataka chumvi, wewe huwa unaweka vizuri." Binti alitazama huku na huku, kana kwamba anasubiri sehemu iliyobaki. Mke wangu akamwambia hiyo ndiyo yenyewe. Kilichobaki kitamalizika chenyewe kufikia Jumatano hivi. Yeye akauliza kama ni kawaida kuchukua siku nyingi hivyo. Wakaendelea na mazungumzo ambayo niliona kwa busara ni vizuri nisiyaingilie.

Walikuja 19. Kila mmoja alikula kidogo, na kwa watu waliofunga tangu jana wali na dengu vilipokelewa kwa heshima iliyozidi ustadi wetu. Mmoja wao, aliyekuwa kwenye somo la Jumatano, alisikia habari ya treni na duka na akaniuliza kwa tabasamu kama tulikuwa *tumezungumza*. Nikamwambia hapana, tuligombana. Basi akavuta kiti. Wengine wawili wakavuta viti vyao. Tulikaa mpaka karibu saa nne, nao ndio walioongea zaidi: kuhusu baba zao, kuhusu wachumba waliowaacha kwa ujumbe wa simu, kuhusu hofu ya kuoa bila kuwa wamewahi kuona inavyofanyika. Kwa hesabu yangu nilisema sentensi kumi, na nusu yake zilikuwa maswali. Sidai kwamba niligeuka mtu mwingine. Mara mbili mke wangu alinikanyaga chini ya meza.

Kijana wa uhandisi alikuwa kwenye kiti chake karibu na kipasha joto. Hakusema kitu. Alipokwenda kuaga, mke wangu alimwuliza tu mtihani ni saa ngapi, akamjibu Jumanne saa mbili asubuhi, na njia yake inapita mlangoni petu.

Jumatatu tulikwenda dukani sisi wawili, asubuhi, na orodha aliiandika yeye. Jumanne saa kumi na mbili na nusu kulikuwa bado giza na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkate uliofungwa kwenye karatasi. Kijana akaja, pumzi yake ikitoka kama moshi, akaupokea mkate kwa mikono miwili. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mke wangu. Niliyakumbuka maneno yangu yote ya miaka 34, maswali mepesi kwanza, soma swali mara mbili, usitazame saa, na nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama ana kalamu ya akiba.

Alipapasa mifuko ya koti. Alikuwa na moja tu. Nikampa yangu.